Swali la Pili

Mwalimu alidhani amekuja kurekebisha feni.

Na kosa halikuwa lake peke yake. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, koti la bluu la kazi, bisibisi na koleo vikichungulia mfukoni, amesimama mlangoni mwa darasa lenye vijana kumi na wanane na feni moja iliyogoma: mtu yeyote angedhani hivyo hivyo. Mwalimu alimwonyesha feni kwa kidole, akamshukuru kwa kuja mapema, akageukia ubao. Mwanamke akaitazama feni, akamtazama mwalimu, kisha akaenda kukaa dawati la mbele kabisa na kutoa daftari na penseli.

"Feni nitaiangalia kipindi kikiisha," alisema. "Kwanza nisome."

Darasa likacheka, naye akacheka nalo. Na kweli, saa sita ilipogonga alipanda juu ya dawati, akaifungua feni, akakaza waya mmoja uliolegea, ikazunguka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kujicheka kwa wiki kadhaa.

Hospitali alikotoka walimwita Mama Waya. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa akivuta nyaya za mtandao juu ya dari na chini ya sakafu. Alijua ni kona gani ya wodi ya wazazi panya huipenda, na ni ukuta upi wa maabara unaotoa unyevu kila mvua inaponyesha. Lakini kazi yake iliishia pale waya ulipoishia. Akishachomeka, taa ya kijani ikiwaka, anafunga sanduku la vifaa na kwenda zake. Kilichopita ndani ya waya, kilikotoka, kilikokwenda na aliyekionyesha njia, hayo yalikuwa mambo ya watu wengine.

Sasa hospitali ilikuwa inahama. Anwani za zamani za mtandao zilikuwa zimekwisha. Kila mashine mpya ilijibanza nyuma ya nyingine, dazeni nzima zikitumia anwani moja kama wapangaji wa mlango mmoja. Uongozi ukaamua kwamba jengo jipya la upasuaji, ng'ambo ya barabara, litumie itifaki mpya ya intaneti, toleo la sita, na jengo la zamani lifuate. Mkuu wa kitengo aliambiwa apeleke watu wawili kozini, Jumanne na Alhamisi asubuhi, wiki kumi na mbili. Mkuu huyu kila mtu alimwita Bwana Kesho, kwa kuwa hakuna ombi alilowahi kulijibu kwa neno jingine. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Injinia, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye shahada na mikono laini. Ya pili haikuwa na mwenyewe. Mama Waya akaiomba. Bwana Kesho akamwambia aje kesho. Kesho yake saa moja asubuhi akamkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi anamngoja, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akakosa siku ya kumsogezea.

Mama Waya alimwambia anataka kupanda cheo. Haikuwa kweli.

Ukweli ni kwamba alikuwa na binti mmoja tu, na huyo binti, yeye na marehemu mumewe walimwita Kasuku. Alianza kusema kabla hajatembea, na akishaanza hakuna aliyemnyamazisha. Kila jioni alisimulia siku nzima ya shule, kuanzia kengele ya kwanza mpaka ugomvi wa getini. Baba yake alikuwa fundi saa. Alifanya kazi lenzi ikiwa jichoni na binti akiwa sikioni, na hakuwahi kumwambia apunguze. Alidai saa alizotengeneza katikati ya kelele zile ndizo zilizokwenda vizuri kuliko zote.

Kasuku alisomea mitandao ya kompyuta, akapata kazi nchi ya mbali, katika kampuni inayounganisha miji na miji. Hata huko alipiga simu karibu kila siku, akieleza mambo ambayo mama yake hakuyaelewa hata nusu: ruta iliyokataa kumtambua jirani yake, njia iliyojizungusha ikarudi ilikotoka. Mama Waya aliitikia "eeh" na "hee" huku akimenya viazi, bila kujua kwamba iko siku atayatamani yale aliyoyaacha yapite.

Kisha baba akafariki. Ghafla, mchana, kwenye kiti chake cha kazi. Simu ilimkuta Kasuku yuko zamu, na sauti yake ilitoka kavu, sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito mikono miwili. Alisema yuko katikati ya kuhamisha mtandao wa mji mzima, ameshaufungua, hakuna mwingine wa kuushika, hawezi kuuacha hivyo. Ndege ya kumfikisha kabla ya mazishi hataiwahi.

"Basi baki na mashine zako," Mama Waya alimwambia. "Siku zikifa, uzizike vizuri."

Kasuku alijibu, "Sawa, Mama."

Alikuja siku ya nne. Alilia kaburini, akafua mashuka yote ya nyumba, akarudi alikotoka. Lile neno hawakulizungumza. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, alipiga simu kila Jumapili saa saba mchana bila kukosa. Shikamoo, marahaba. Afya, nzuri. Mvua, imenyesha kidogo. Kazi, njema. Dakika nne, tano kama mvua ilikuwa kubwa. Hakugomba, hakununa; afadhali angenuna. Lile neno "njema" lilikuwa kama mlango unaorudishwa taratibu bila kubamizwa, na Mama Waya alibaki nje yake kila Jumapili akitafuta la kusema. Kazi, njema. Baada ya hapo hakuwa na swali la pili. Hakujua hata mtu wa kazi ile huulizwa nini.

Ndiyo maana alikaa dawati la mbele.

Wiki za mwanzo zilimtoa jasho. Anwani za zamani alizizoea kwa kuzisoma kwenye vibandiko. Hizi mpya zilikuwa ndefu kama treni ya mizigo: makundi manane ya tarakimu zilizochanganyika na herufi, koloni baada ya koloni. Alizichapa kwa kidole kimoja, akakosea, akafuta, akakosea kwingine. Mwalimu alikuwa mtu mpole mwenye mafua yasiyoisha. Alifundisha kwa chaki mkono wa kulia na leso mkono wa kushoto. Siku moja alieleza kwamba sufuri zikifuatana unaweza kuzimeza zote na kuweka koloni mbili mahali pake, ila mara moja tu katika anwani nzima. Mama Waya akanyoosha mkono, akauliza kwa nini mara moja.

"Ukimeza mara mbili," mwalimu alisema, akapenga kamasi, "msomaji ataona kwamba umemeza, lakini hatajua umemeza kiasi gani huku na kiasi gani kule."

Aliandika hilo na kulipigia mstari. Siku hiyo hiyo mwalimu alisema kwamba anwani hizi ni nyingi kiasi kwamba kila balbu, kila kitasa cha mlango kingeweza kupewa yake duniani kote na zisiishe. Vijana walishangilia. Mama Waya aliwaza kwamba mwanawe amehama nyumba mara mbili tangu msiba, na yeye hajui hata jina la mtaa.

Alisoma saa za chakula cha mchana, ghalani, juu ya maboksi ya nyaya, bakuli la wali magotini na daftari juu ya bakuli. Wauguzi waliokuja kuchukua balbu walimkuta akinong'ona kama mtu anayesali. Wiki ya tano walifika kwenye ruta zenyewe, zile mashine zinazoelekeza njia za mtandao, namna zinavyojuana. Hakuna ruta inayoijua dunia nzima peke yake, mwalimu alieleza. Kila moja inamjua jirani, na jirani anamjua jirani yake, na habari zinapita hivyo mpaka mwisho. Na ili ujirani udumu, husalimiana. Kila sekunde kumi ruta hutuma salamu fupi, isiyo na habari yoyote ndani yake, ya kusema tu kwamba nipo. Zikipita sekunde arobaini bila salamu, jirani huhesabiwa amekufa, na njia zote zilizopita kwake hufutwa.

Vijana walinakili. Mama Waya aliacha penseli ikae. Alikuwa amezidharau zile dakika nne za Jumapili; aliziona kama sadaka anayopewa maskini mlangoni. Miaka mitatu. Hakuna hata Jumapili moja iliyokosekana. Alitoka nje kidogo, akasimama kwenye kibaraza, akarudi dawatini.

Wiki ya saba tayari alikuwa na swali. Aliliandika kwa kalamu kiganjani asije akalisahau: huko kwenu njia za nje mnazipokea zote, au mnachuja? Lilikuwa swali la kweli, lingemfanya Kasuku azungumze robo saa. Saa saba ikafika, simu ikalia, shikamoo, marahaba, mvua, kazi njema. Mama Waya alifungua kiganja, akatazama maandishi yake mwenyewe, akakifunga tena. Je, akijibiwa "njema" hata hapo? Angebaki na nini cha kujaribu?

"Haya, mwanangu," alisema. "Jifunike vizuri na baridi."

Wino haukutoka mpaka Jumanne. Mtihani wa mwisho aliupita kwa alama mbili tu juu ya mstari, na hilo pia hakumwambia Kasuku.

Siku ya kuhama ilipangwa Jumapili, kwa sababu Jumapili kliniki hufungwa. Walianza saa mbili asubuhi: Injinia kwenye chumba cha mashine cha jengo jipya, Mama Waya kwenye kile cha jengo la zamani, na Bwana Kesho akivuka barabara huku na huko na simu mbili mikononi. Ilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Ruta zikasalimiana, majirani wakatambuana, jedwali la njia likajaa mstari baada ya mstari kwenye skrini mbele ya Mama Waya, na kila mstari aliujua unakwenda wapi, kwani waya wake aliuvuta yeye. Saa tano maabara ilikuwa imehama. Saa tano na nusu, duka la dawa. Kufika saa sita Bwana Kesho aliagiza chai.

Ndipo mpiga picha wa eksirei akaja, amevaa ndala, uso umemshuka. Ameletwa mwezekaji aliyeanguka kutoka juu ya paa. Amempiga picha za kichwa, picha zimetoka safi, lakini haziendi. Jina la mgonjwa limefika ng'ambo, umri umefika, hata maelezo mafupi yamefika. Picha zenyewe hakuna, kiduara kinazunguka tu kwenye skrini ya chumba cha upasuaji. Kwenye mashine yake kuna kiskrini, daktari angeweza kuja kutazama hapo, ila daktari ni mmoja na ana mgonjwa mwingine mezani ambaye hawezi kumwacha. Kabla hajamaliza huyo aliye mezani lazima ajue kama huyu wa pili anaingia au haingii.

Injinia alipigiwa simu. Alijaribu njia, akasema njia ni nzima, ametuma pakiti, vile vifurushi vidogo vya majaribio, na zote zimejibiwa. Tatizo litakuwa kwenye mashine ya eksirei. Mpiga picha akasema mashine yake haijawahi kuwa na tatizo mpaka asubuhi ya leo walipoanza kuchezea nyaya. Bwana Kesho akauliza kama si afadhali warudi kwenye mfumo wa zamani. Injinia akamwambia kurudi kutachukua saa tatu. Bwana Kesho akakaa kwenye kiti, akasimama, akakaa tena.

Mama Waya alipiga magoti mbele ya kabati la ruta. Akajaribu tena, kwa kidole kimoja. Alikosea anwani, akafuta. Akakosea. Mara ya tano ikakubali, na kweli kama Injinia alivyosema, pakiti zilikwenda na kurudi bila kusita. Vidogo vinapita, vikubwa havipiti. Mahali fulani kwenye daftari lake kulikuwa na jambo kuhusu hilo, alilinakili wiki ya tisa mwalimu akiwa na homa na sauti imekauka, na hakulielewa. Aligeuza kurasa. Karatasi zikashikana.

Simu ikalia mfukoni. Saa saba kamili.

Akaiweka sikioni na kuibana kwa bega. Shikamoo, Mama. Akaitikia, na kabla Kasuku hajafika kwenye mvua, akamkatiza.

"Niko katikati ya kazi, mwanangu. Nimeshaufungua mtandao, hakuna mwingine wa kuushika. Siwezi kuuacha hivi."

Akasikia alichosema.

Hakikuwa kitu alichokipanga. Maneno yalitoka yenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo, na mtu aliyepiga magoti mahali pale hana mengine. Mama Waya aliduwaa mbele ya taa za kijani zinazopepesa, simu begani, na kwa muda alimsahau mwezekaji, daktari na Bwana Kesho. Alimwona binti yake amepiga magoti vile vile, katika chumba kilichojaa kelele za feni kama hiki, na sauti ya mama yake sikioni inamwambia azike mashine.

"Mama," Kasuku alisema taratibu. "Kazi gani?"

"Tunahamia toleo la sita."

"Nani anahamia?"

"Mimi. Mimi na kijana mmoja." Alijaribu kucheka, haikutoka. "Nilisoma. Wiki kumi na mbili. Nilitaka nikuambie."

Sauti ya Kasuku ikabadilika, ikawa karibu zaidi, kama mtu aliyeamka kitandani na kukaa.

"Kimekwama nini?"

Mama Waya akamweleza: jina linafika, picha haifiki. Kasuku hakumpa jibu. Alimuuliza pakiti alizozituma zilikuwa za ukubwa gani. Ndogo, zile za kawaida. Basi atume kubwa. Akatuma ya baiti elfu moja na mia mbili, ikarudi. Akatuma ya elfu moja na mia nne na hamsini. Haikurudi, wala haikuleta kosa; ilipotea tu, kama kitu kilichotupwa kisimani kisitoe hata mlio. Kasuku akauliza majengo mawili yameunganishwa vipi. Mama Waya alimweleza anavyoijua njia ile: waya wa zamani chini ya barabara, alioulaza mwenyewe kwenye mtaro, na kwa sababu ni wa zamani pakiti mpya zinatiwa ndani ya bahasha nyingine ili zipite.

"Na bahasha inakula nafasi," Kasuku alisema.

"Inakula nafasi." Alikuwa ameupata ukurasa. Penseli yake mwenyewe, mwandiko wa haraka. Alisoma kwa sauti, polepole, na safari hii yale maneno yalimwingia. "Zamani mzigo ukiwa mkubwa, ruta ya njiani iliukata yenyewe vipande vipande. Hii mpya haikati. Inarudisha neno kwa mtumaji, kwamba mzigo wako ni mkubwa, hapa haupiti, upunguze."

"Endelea, Mama."

"Basi hilo neno halirudi. Mtumaji hajui kama mzigo wake umekwama. Anangoja tu." Alinyanyua kichwa. "Kuna mtu amelizuia hilo neno langoni."

"Nani ameandika sheria za lango la ulinzi?"

Injinia ndiye aliyeziandika, sheria za kipi kipite na kipi kizuiwe. Alizinakili kutoka mfumo wa zamani, neno kwa neno: ruhusu majaribio na majibu yake, zuia jumbe nyingine zote za aina ile. Lile neno la kurudi lilikuwa mojawapo. Mama Waya alimpigia kwa simu ya mezani, ile ya mkononi ikiwa bado begani. Injinia hakukubali mara moja. Alisema sheria zile zimekaa miaka minane hazijaleta shida, na lango likifunguliwa ovyo ni yeye atakayeulizwa. Mama Waya hakubishana. Alimwambia tu atume pakiti ya elfu moja na mia nne na hamsini, yeye mwenyewe, kutoka huko aliko, na aingoje irudi.

Mama Waya akangoja. Bwana Kesho naye aliacha kukaa na kusimama. Kwenye simu, kutoka ng'ambo ya barabara, vilisikika vibonye vya kompyuta, kisha havikusikika.

"Inapotea," Injinia alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, nifungue sheria ipi?"

Akamsomea, namba na herufi. Ilichukua dakika moja na nusu.

Mpiga picha ndiye mtu pekee aliyepiga kelele siku nzima, kutoka chumbani kwake mwisho wa korido: zinakwenda. Akamwita Mama Waya aje aone, na Mama Waya akaenda akiwa bado ameshika simu. Kwenye skrini kulikuwa na fuvu la mtu asiyemjua, jeupe katika weusi, likijijenga mstari kwa mstari kutoka juu, paji, matundu ya macho, meno. Hakuwahi, katika miaka ishirini na moja, kuona kilichokuwa kikipita ndani ya nyaya zake. Aliuliza kama huyu atapona. Mpiga picha alisema hayo ni ya daktari. Ila angalau sasa daktari anaona.

Alitoka akakaa kwenye benchi la koridoni. Magoti yalimuuma. Simu ilikuwa imepata joto kiganjani. Akaiweka sikioni, akiogopa kukuta imekatika.

"Upo?"

"Nipo."

Miaka mitatu alikuwa akilipanga neno hili, akilipunguza, akilikata ili lipite, na sasa lilikuja lote kwa pamoja.

"Siku ile ya baba yako," alisema. "Nilikwambia neno baya. Sikujua ulikuwa wapi. Nilidhani umekaa kwenye kiti."

Sauti ya Kasuku ilikuwa ya chini sana, na Mama Waya alijibana kwenye kona ya benchi ili aisikie.

"Nilikuwa sakafuni. Nusu ya mji ilikuwa imezima. Kulikuwa na hospitali humo ndani, Mama, mbili." Alivuta pumzi. "Nilikuwa nalia na kuchapa. Nilikosea anwani mara tatu."

"Mimi leo mara nne."

Ikatoka sauti ambayo Mama Waya hakuitambua mwanzoni. Kicheko, kimechanganyika na kitu kingine, kinakatika na kuanza upya. Naye alijifuta uso kwa mkono wa koti, lililonuka vumbi la chini ya sakafu.

Kisha akauliza. Hakulichagua swali lenyewe. Aliuliza usiku ule walimalizaje, njia ipi walirudisha kwanza, na kwa nini hiyo. Kasuku akaanza kumweleza. Alianza kwa sentensi fupi, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, halafu zikarefuka. Akamwambia juu ya mzee mmoja wa zamu aliyemletea koti lake amfunike akiwa pale pale sakafuni. Akamwambia hakuwahi kumaliza kueleza kazi ile kwa mtu yeyote, kwani kila akianza anaisikia tena ile simu ya siku ya msiba. Akaruka kwenye jambo jingine, akarudi, akauliza mwalimu wake alikuwa nani na kama daftari analo, akataka asomewe ukurasa wa kwanza, akaghairi kabla hajasomewa. Mama Waya alisema "eeh," akasema "hee." Safari hii alielewa karibu yote. Bwana Kesho alipita na vikombe vya chai, akafungua mdomo, akamwona, akaufunga, akaweka kikombe kimoja kwenye ncha ya benchi na kuendelea.

Kasuku hakusema atakuja. Mama Waya hakumuuliza. Ilikuwa imepita saa nzima na ushee, na huko mbali palikuwa pamekucha.

"Usikate," Kasuku alisema. "Nafungua dirisha mara moja. Usikate, Mama."

"Sikati."

Alisikia hatua za miguu mitupu zikienda mbali. Mlango wa nje wa korido ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu mwingine, kofia ya fundi mwezekaji mkononi. Alitazama huku na huku, kwenye milango yote iliyofungwa, mpaka akaliona benchi.

"Hapa ndipo watu wanapongojea?" aliuliza.

"Ndipo," Mama Waya alisema, simu sikioni, akasogea kumpisha.